Kila Akirudi, Suzana Amepungua

Gauni lilikuwa la kitenge cha bluu, na Maganga alilikumbuka vizuri kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelinunua Kahama. Sikukuu ya Krismasi lilikuwa limembana mkewe hadi mshono wa kwapani ukaachia. Sasa mvua za masika zilikuwa zinaelekea kwisha, na Suzana alikuwa amelivaa lile lile, akalifunga mkanda kiunoni, na bado lilikuwa linapwaya.

"Umekonda," Maganga alisema, hata mkoba hajauweka chini.

"Pole na safari, Baba Ritha. Nimepungua, sijakonda."

"Kuna tofauti gani?"

"Aliyekonda anaumwa. Mimi siumwi." Akampokea mkoba, akaingia nao ndani, na Maganga akabaki barazani akimtazama kwa nyuma kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ukuta umehamishwa.

Maganga alikuwa mnunuzi wa dhahabu. Kituo chake kilikuwa Masumbwe, alikonunua kwa wachimbaji wadogo kile walichokipata baada ya mawe kusagwa na mchanga kuoshwa. Alipanga chumba huko, na nyumbani Shinyanga, mtaa wa Ndembezi, alirudi biashara ilipomruhusu. Alimwoa Suzana akiwa binti mwembamba wa Kolandoto, enzi ambazo hata sukari waliinunua kwa kupimiwa. Dhahabu ilipoanza kumjibu, Suzana akaanza kunenepa. Kila mwaka alizidi kujaa, mashavu yakang'aa, mikono ikawa minene na laini, na Maganga akauona mwili ule kuwa ni kazi ya mikono yake. Wakiingia kanisani watu waligeuka. Hakuhitaji kumwambia mtu kwamba kwake kunaliwa; Suzana akikaa kwenye benchi, habari ilikuwa imeshafika.

Kisha, mwaka juzi, likaja lile la titi. Suzana alikuwa ameshapita hamsini na hedhi imeshakoma. Alikuta uvimbe wakati anaoga. Wakaenda Mwanza, titi la kushoto likaondolewa, zikafuata dripu za dawa kali zilizomwangusha nywele, halafu kidonge cha kumeza kila siku. Maganga hakutoroka. Alifunga biashara, akalala kwenye viti vya hospitali, akaosha mabeseni. Na nywele ziliporudi, na mwili nao ukarudi, tena kwa kuzidi, alishukuru Mungu kwa sauti. Kwake yeye unene ule ndio uliokuwa cheti cha kupona.

Ndiyo maana hakuelewa mkewe alipoanza kuusogeza wali pembeni ya sahani.

"Daktari amesema nipunguze mwili," Suzana alimwambia siku ya kwanza kabisa.

Maganga alicheka. "Daktari gani huyo anayetaka mke wa mtu akonde?"

"Usicheke. Anasema haya mafuta ya mwilini..."

Simu ikaita. Kuna mtu Masumbwe alikuwa na mzigo na mnunuzi mwingine alishaanza kumzengea. Maganga akatoka nje kuongea, akaongea sana, na aliporudi Suzana alikuwa ameshaondoa vyombo. Hakumuuliza sentensi ile ilikuwa inaishia wapi. Lakini yule daktari alibaki naye. Njia nzima ya kurudi Masumbwe alimfikiria: kijana, bila shaka, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na vidole safi, anayemwambia Suzana avue, kisha anamwambia apungue, na Suzana anatii. Yeye alimwambia mkewe mambo mangapi miaka yote hiyo, na ni lipi alilitii haraka namna ile?

Kila aliporudi alimkuta amepungua tena. Kidevu cha pili kikaondoka. Shingo ikajitokeza. Pete ya ndoa ilianza kuzunguka kidoleni, Suzana akaihamishia kidole cha kati, na jambo hilo dogo lilimkera Maganga kuliko yote. Asubuhi na mapema alivaa raba na kutoka. Alirudi jua limeshapanda, amelowa jasho, macho yanang'aa.

Maganga akajaribu kupigana kwa njia aliyoijua. Alileta mbuzi mzima. Alileta mchele mpya, samli ya kienyeji kutoka kwa wafugaji, kreti ya soda. Suzana alipika vizuri kama siku zote, akampakulia mumewe, kisha akakaa na bakuli lake la mlenda na kipande cha ugali wa mtama.

"Kula nyama."

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

Suzana alimtazama, akaelewa swali lile lilikokuwa linaelekea, akainuka kwenda kunawa.

Huko Masumbwe mwenzake wa biashara, Makoye, alimkuta kwenye nyama choma amekaa bila kugusa kitu.

"Mama Ritha anaumwa tena?" Makoye akauliza.

"Haumwi. Anasema ni mazoezi."

"Mwanawane! Mwanamke mwenye wajukuu anafanya mazoezi ya kwenda wapi?" Makoye akachovya nyama kwenye chumvi, akatafuna taratibu. "Mimi sisemi kitu, Maganga. Ila mwanamke wa umri ule akianza kujitengeneza na mume hayupo, jiulize anajitengenezea nani."

Alisema hasemi kitu, na alikuwa amesema yote. Maganga alishindwa kazi siku zile. Alipima dhahabu ya watu huku akili yake iko Ndembezi, anahesabu mitaa anayoweza kupita mwanamke mwenye raba.

Alirudi Shinyanga siku ambayo hakutarajiwa, katikati ya juma, amemaliza kuendesha pikapu kutoka Masumbwe wakati watoto wa shule ndiyo kwanza wanaingia madarasani. Nyumba ilikuwa na kufuli. Jirani alikuwa anafagia uwanja.

"Mama Ritha ameenda kwa Hozefa, kama kawaida," jirani alisema, bila hata kuacha kufagia.

Kama kawaida. Maganga aliyarudia maneno yale hadi mjini.

Hozefa alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, duka la tangu babu yake, na familia iliishi ghorofani juu ya duka. Maganga alimjua. Mtu mrefu, mvi zimemkaa vizuri, mpole wa maneno, anayenukia udi. Aliegesha pikapu ng'ambo ya barabara akangoja. Mlango wa pembeni, ule wa nyumbani, ukafunguliwa. Suzana akatoka amejifunga kitambaa kichwani, uso umelowa jasho, anacheka. Hozefa alikuwa amemshikia mlango. Akampa kifuko kidogo, Suzana akakipokea kwa mikono miwili, akasema neno, na wote wawili wakacheka.

Kilichomkata Maganga ni kile kicheko. Tangu kabla ya ugonjwa hakuwa amekisikia. Alidhani kilikatwa pamoja na titi, na alikuwa ameshakubali kuishi bila hicho. Kumbe kipo. Kumbe kinatolewa kwingine.

Alipofika nyumbani Suzana alikuwa anamenya viazi.

"Leo ulikuwa wapi?"

"Kutembea."

"Kwa nani?"

Kisu kikasimama. Kanga yake ilikuwa inanukia udi, na juu ya meza kile kifuko kilikuwa wazi: dengu za kukaanga, zisizo na chochote.

"Siwezi kukuambia, Baba Ritha. Kungekuwa ni jambo langu ningekuambia. Niamini."

"Nikuamini." Maganga alitikisa kichwa. "Nimekupeleka Mwanza nikakurudisha hai. Leo kuna nyumba unaingia na siwezi kuambiwa."

"Naomba uniamini," Suzana akarudia, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka zaidi kuliko ya hofu. Mtu mwingine angelisikia hilo. Maganga alisikia udi tu.

Kesho yake alikwenda dukani. Wateja walikuwepo: akina mama wawili wa Kihindi wakichagua kitambaa cha mapazia na mzee mmoja akipimiwa suruali. Maganga hakusalimu.

"Mke wangu anafanya nini ndani kwako?"

Hozefa aliweka chini kitambaa alichokuwa anapima. "Mzee Maganga, karibu. Twende ndani tuzungumze."

"Hapa hapa. Nimekuuliza."

Hozefa alitazama pazia lililoficha ngazi za kwenda juu, kisha akawatazama wale akina mama, kisha sakafu. Hakujibu. Na kwa mwenye wivu hakuna jibu baya kama kimya. Maganga aliizunguka kaunta, akamkunja shati kifuani, majora ya vitambaa yakaporomoka kutoka kwenye rafu. Yule mzee akapiga kelele. Hozefa hakurusha hata mkono.

"Mwachie mume wangu."

Pazia lilikuwa limefunguka. Mwanamke mnene aliyevaa rida, lile vazi refu la akina mama wa Kibohora, alikuwa ameshika ukuta akitafuta pumzi baada ya ngazi. Alikuwa Kausar, mke wa Hozefa, ambaye Maganga hakuwa amemwona kwa mwaka mzima na hakuwa hata amejiuliza kwa nini.

"Kausar, nyamaza," Hozefa akasema haraka. "Panda juu."

"Ninyamaze mpaka akuue?" Akamgeukia Maganga. "Mke wako haji kwa Hozefa. Anakuja kwangu. Mimi pia nimekatwa titi. Tulikutana naye Mwanza, kwenye foleni ya kliniki. Daktari aliniambia kama alivyomwambia yeye, nipungue, nitembee. Nitembee wapi? Nikionekana barabarani nimechoka, na upande mmoja wa kifua uko sawa na ukuta, watu watauliza. Binti yangu ameposwa. Wakijua mama ana saratani watasema na mtoto anayo. Basi Suzana anakuja. Tunapanda na kushuka hizi ngazi, tunazunguka darini mpaka tulowe jasho. Nilimwapisha asimwambie mtu. Hata wewe." Akavuta pumzi. "Amekaa na siri yangu, na wewe umeitoa."

Wale akina mama wawili walikuwa wameshaweka kitambaa chini. Walitoka bila kuaga, na namna walivyoharakisha ilitosha kumwonyesha kila aliyekuwepo kwamba kabla ya adhuhuri habari ingekuwa imeingia nyumba zote ambazo Kausar aliziogopa.

Maganga aliachia shati. Akainama, akaanza kuokota majora.

"Acha," Hozefa akamwambia, kwa upole ule ule. "Tafadhali nenda."

Nyumbani alimkuta Suzana ameketi sebuleni, simu mapajani. Alikuwa ameshapigiwa.

"Umeridhika?" akauliza.

"Ungeniambia kwamba ni mwanamke mwenzio. Neno moja tu."

"Ningekuambia ni mwanamke, ungeuliza anaumwa nini, ningejibu, ungemwambia Makoye." Alisema bila hasira, kama anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. "Na kuna jambo jingine, maadamu tumeanza. Kausar ameliona kovu langu. Nimeliona lake. Siku ya kwanza tulivuana nguo chumbani kwake, tukatazamana, tukalia, halafu tukaanza kucheka tusijue tunacheka nini. Wewe hujaliona."

"Hujawahi kunionyesha."

"Ulikuwepo, Baba Ritha. Siku muuguzi alipofungua bandeji wodini, ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda. Uligeuka ukatazama dirishani. Ukauliza kama mvua imenyesha. Na ilikuwa kiangazi."

Maganga alikumbuka dirisha. Hakujua kwamba alionekana. Na pale pale, katikati ya aibu, kitu kile kile kilimchoma upya, tena kwa nguvu zaidi: kumbe kulikuwa na mtu kweli. Alikuwa mwanamke mnene anayetweta kwenye ngazi, na alikuwa amepewa kile ambacho yeye mume hakupewa. Angekuwa ni Hozefa, Maganga angempiga. Kausar angemfanya nini?

"Nakwenda Kolandoto, kwa mama," Suzana akasema. "Alhamisi ijayo nina kliniki Mwanza. Unamwonea wivu daktari, najua. Ukitaka kusikia anachoniambia, njoo usikie kwa masikio yako."

Alhamisi Maganga alifika kliniki kabla yake. Jina lilipoitwa wakaingia wote wawili, na nyuma ya meza alikuwa amekaa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani, amevua viatu chini ya meza. Daktari Eufrasia. Maganga alihisi uso unawaka.

"Huyu ndiye mzee?" daktari akauliza. "Siku zote namwambia mama aje nawe."

Maganga akamtupia jicho mkewe. Ni kweli, alikuwa amealikwa, na daima kulikuwa na mzigo Masumbwe.

"Nieleze, daktari," akasema. "Kwa nini unamkondesha?"

Daktari hakukasirika. "Tulizoea kuona mafuta ya mwilini kama mahindi ghalani, yamekaa tu yanasubiri njaa. Hayakai tu, mzee. Yanafanya kazi. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zinapumzika, hazitengenezi tena homoni ya kike kama zamani. Lakini mafuta yanaendelea kuitengeneza. Yakiwa mengi, homoni nayo inazidi. Na saratani aliyokuwa nayo mama ni ya aina ile inayokua kwa homoni hiyo. Kidonge anachomeza kila siku kazi yake ni kuyazuia mafuta yasiitengeneze. Sasa, sisi tunazuia kwa kidonge, halafu huku nyumbani..."

"Mimi naongeza mafuta," Maganga akamalizia.

"Kuna na mengine. Mafuta yakizidi mwili unakaa kama una kidonda kisichoonekana, unawaka ndani kwa ndani, na insulini inapanda. Seli mbaya zinapenda hali hiyo."

Maganga alitazama mikono yake. "Basi ni mimi niliyempa. Nilimlisha miaka yote hiyo nikijisifu."

"Sijasema hivyo, na usiseme." Daktari alivua miwani. "Nina wagonjwa wembamba kama fito. Na wapo wanene wanaozeeka hawajawahi kuona uvimbe. Unene unaongeza uwezekano, lakini peke yake hauamui. Hakuna anayeweza kukuonyesha ni sahani ipi ilileta ugonjwa huu. Wala siwezi kukuahidi kwamba akipungua hautarudi. Ninachoweza kusema ni kwamba anajisaidia, na anajisaidia vizuri. Vipimo vya leo ni safi."

Suzana alifumba macho kidogo aliposikia neno safi. Maganga alitaka kumshika mkono, akaogopa kuukosa, akaushika mkono wa kiti.

Suzana hakurudi Ndembezi siku ile wala juma lile. Alirudi alipotaka, akashuka kwenye bodaboda na begi lake, akakuta mumewe amechemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kununua dagaa, na yale makopo ya samli ameyapeleka kwa shemeji yake.

Kwa Hozefa alikwenda peke yake. Aliomba radhi amesimama mbele ya kaunta, wateja wakiwepo, kama alivyomvamia wateja wakiwepo. Hozefa alimsikiliza, akamwambia asante kwa kuja, akamuuliza kama anahitaji kitambaa. Hakumkaribisha kukaa. Familia ya mchumba wa binti ilikuwa imeomba muda wa kufikiri, na muda huo ulikuwa bado haujaisha. Kausar, kwa kuwa sasa hakuwa tena na cha kuficha, alikuwa ameanza kutembea barabarani na rida yake na raba nyeupe, lakini alipopishana na Maganga sokoni alimjibu salamu yake na kupita. Maganga hakuwa na la kudai.

Aliomba awe anawasindikiza asubuhi. Suzana akakataa.

"Hii ni yangu na Kausar."

"Nitakaa nyuma. Sitasema kitu."

"Hapana, Baba Ritha."

Kwa hiyo siku anazokuwepo Shinyanga hubaki nyumbani, anabandika chai, na wivu unakaa naye jikoni. Hautoki. Anausikia ukimwuliza wako wapi sasa, wanaongea nini, kama wanamsema yeye. Alichojifunza ni kutokuuvalisha viatu na kuupeleka mjini. Makoye alipomtania tena, alimwambia akome, na Makoye akakoma.

Alasiri moja ya Jumamosi, joto limetulia, alipita mlangoni mwa chumba cha kulala akakuta haujafungwa. Suzana alikuwa anabadili blauzi aende kwenye kwaya. Alimwona mumewe kwenye kioo. Hakuvuta nguo, wala hakusema karibu. Alisimama tu, mgongo kwa dirisha, anamngoja aamue macho yake yaende wapi.

Maganga alitazama. Mstari mrefu uliopinda kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, ngozi yake imekuwa nyeusi zaidi na inang'aa, na mbavu zilizoanza kuonekana chini yake.

"Inauma?"

"Siku za baridi. Na nikinyanyua ndoo."

"Sikujua."

"Ndiyo umejua." Akavaa blauzi, akafunga vifungo kimoja kimoja. "Sogea kidogo, unanizibia njia. Kwaya wameshaanza."